Msongamano wa Elektroni na Uaminifu wa Mkokotoaji: Tafakuri Juu ya Silikoni

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili katika fizikia aliketi alasiri moja katika chumba cha kompyuta cha chuo chake ili afanye ukokotoaji wake wa kwanza. Alikuwa amepewa silikoni, kama wanavyopewa wanagenzi wengi wa fani hii. Silikoni ni maada inayofahamika mno: ndiyo iliyomo katika simu, katika redio, na katika kompyuta ile ile aliyokuwa akiitumia. Aidha, fuwele yake ni sahili, kwani kijenzi chake kidogo kabisa, kile ambacho kikirudiwarudiwa pande zote huzaa fuwele nzima, kina atomu mbili tu. Aliandika faili fupi la maelekezo, akaiamuru programu ianze, na kabla chai yake haijapoa jibu lilikuwa limekwisha kutoka.

Jibu la kwanza lilimfurahisha. Upande wa mchemraba wa fuwele ulikuwa angstromu 5.40, ilhali vipimo vya maabara hutoa 5.43. Jibu la pili lilimfadhaisha. Pengo la nishati, yaani kiasi cha nishati ambacho elektroni huhitaji ili iachane na vifungo vya atomu na kuwa huru kupitisha umeme, lilitoka elektroni-volti 0.5 hivi, vipimo vya maabara katika baridi kali hutoa 1.17. Alirudia hesabu mara tatu. Alikagua kila mstari wa faili. Hatimaye alimwendea mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nadhani nimekosea mahali."

"Marahaba. Umekosea wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Kila ninapokagua naona sawa."

"Basi huenda hukukosea. Nenda kaulize kwanza hesabu yako iliahidi nini, ndipo uilaumu."

Makala haya yanalifuata swali hilo la mwalimu. Yanaeleza kwa muhtasari nadharia iliyoifanya hesabu ya mwanafunzi iwezekane, na yanadai kwamba umahiri katika fani hii hauko katika kupata namba, kwa kuwa kompyuta haikosi kutoa namba, bali katika kujua namba hiyo ina haki ya kusema nini.

2.0 Ukuta wa Hesabu

Mwenendo wa elektroni katika atomu na fuwele hutawaliwa na mlinganyo alioutoa Erwin Schrödinger mwaka 1926. Kimsingi, anayejua viini vya atomu viko wapi na elektroni ni ngapi anaweza, kwa mlinganyo huo, kujua kwa nini almasi ni ngumu na kwa nini shaba hupitisha umeme. Mwaka 1929 Paul Dirac aliandika kwamba kanuni za msingi za sehemu kubwa ya fizikia na za kemia yote zimekwisha kujulikana. Shida iliyosalia ni kwamba kanuni hizo zikitumiwa huzaa milinganyo migumu mno kutatuliwa.

Ukubwa wa shida hiyo unaweza kupimwa kwa silikoni yenyewe. Atomu moja ya silikoni ina elektroni 14. Atomu mbili zina 28. Kila elektroni huhitaji namba tatu kuonyesha mahali ilipo, na kwa kuwa kila moja huzisukuma nyingine zote, haiwezekani kuishughulikia peke yake. Kwa hiyo fanksheno ya wimbi ya elektroni hizo hutegemea namba 84 kwa pamoja. Iwapo mtu ataridhika na vituo 10 tu kwa kila namba, atalazimika kuandika thamani ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri 84. Atomu za ulimwengu wote unaoonekana hukadiriwa kuwa 1 ikifuatwa na sifuri 80 hivi. Daftari la kuandikia thamani hizo halipo, wala haliwezi kutengenezwa.

Njia nyingine ni kuuliza swali dogo zaidi. Mtu aliyesimama kilimani siku ya gulio hawezi kumfuata kila mchuuzi na kila mnunuzi aendako. Hata hivyo, anaona vizuri wapi watu wamesongamana na wapi wametawanyika. Vivyo hivyo, badala ya kuuliza kila elektroni iko wapi wakati nyingine zote ziko mahali fulani, mtu anaweza kuuliza tu elektroni zimesongamana kiasi gani katika kila sehemu ya fuwele. Msongamano huo hutegemea namba tatu tu, hata elektroni ziwe 28 au milioni. Kwa vituo 10 kila upande, daftari lahitaji thamani 1,000. Llewellyn Thomas na Enrico Fermi walikwisha kuijaribu njia hiyo mnamo mwaka 1927, lakini makadirio yao yalikuwa dhaifu kiasi kwamba hayakuweza hata kueleza jinsi atomu zinavyoungana kuwa molekuli. Swali lililobaki lilikuwa zito: je, msongamano ni muhtasari tu unaopoteza habari, au habari zote zimo ndani yake?

3.0 Mtu na Swali Lake

Aliyelijibu swali hilo alikuwa amepitia mengi. Walter Kohn alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1939, muda mfupi kabla ya vita kuanza, alisafirishwa hadi Uingereza pamoja na watoto wengine waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Wanazi. Wazazi wake walibaki, nao waliuawa Auschwitz. Mwaka 1940 Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya uraia wake, kisha wakampeleka Kanada, ambako aliendelea kujifunza hisabati kambini kutoka kwa wasomi waliozuiliwa pamoja naye. Alipoachiwa na kuingia Chuo Kikuu cha Toronto hakuruhusiwa kukanyaga jengo la kemia, kwani humo mlikuwa na kazi za vita na yeye alihesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Mwaka 1998 mtu huyo huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel, na tuzo yenyewe ilikuwa ya kemia. Alifariki mwaka 2016.

Wazo lenyewe lilizaliwa Paris, ambako Kohn alikuwa mgeni mwaka 1963. Alikuwa akitafakari juu ya aloi, na akajiuliza kama msongamano wa elektroni peke yake ungeweza kuitambulisha aloi nzima bila kubakiza shaka. Pamoja na Pierre Hohenberg alithibitisha kwamba ndivyo ilivyo, na thibitisho lao likachapishwa mwaka 1964. Walionyesha kwamba, kwa elektroni zilizo katika hali ya nishati ya chini kabisa, mvuto wa aina mbili tofauti hauwezi kuzaa msongamano mmoja. Kwa hiyo anayeujua msongamano ameujua pia mvuto ulioufanya, na kwa mvuto huo amezijua sifa nyingine zote. Aliyeko kilimani, kwa kutazama tu jinsi watu walivyosongamana, anaweza kusema mabomba ya maji yako wapi na lipi linatoa maji kwa nguvu.

4.0 Kinachojulikana na Kisichojulikana

Hapa ndipo nadharia hii inapodai unyenyekevu. Fanksheno ya kawaida hupokea namba na kutoa namba. Fankshenali hupokea sura nzima na kutoa namba moja, kama msahihishaji anavyoisoma insha yote tangu mwanzo hadi mwisho kisha akaandika alama moja pembeni. Hohenberg na Kohn walithibitisha kwamba ipo fankshenali moja, ya kweli kwa maada zote, inayopokea msongamano wa elektroni na kutoa nishati. Ndiyo maana fani hii huitwa nadharia ya fankshenali ya msongamano. Lakini kuthibitisha kwamba kitu kipo si kukitia mkononi. Hadi leo hakuna aliyeiandika fankshenali hiyo kwa ukamilifu.

Mwaka 1965 Kohn na Lu Jeu Sham walionyesha namna ya kufanya kazi bila kuwa nayo. Badala ya elektroni halisi zinazosukumana, walidhania elektroni za kubuni zisizosukumana, lakini zenye msongamano ule ule. Kila moja ya hizo yaweza kukokotolewa peke yake. Sehemu kubwa ya nishati hupatikana kwa uhakika. Ujinga wote uliobaki hukusanywa katika fungu moja dogo. Ili kulikadiria fungu hilo, walipendekeza kwamba kila sehemu ya fuwele ichukuliwe kana kwamba ni kipande cha bahari tulivu ya elektroni yenye msongamano uliolingana kila mahali. Mwaka 1980 David Ceperley na Berni Alder waliikokotoa nishati ya bahari hiyo kwa usahihi mkubwa, na mwaka 1996 John Perdew, Kieron Burke na Matthias Ernzerhof wakatoa makadirio yanayozingatia pia jinsi msongamano unavyobadilika kutoka mahali hadi mahali. Mwanafunzi wa silikoni alikuwa ametumia makadirio ya aina ile ya kwanza. Faili lake lilikuwa na neno moja lililosema hivyo, naye alilinakili bila kuuliza.

5.0 Namna Hesabu Inavyofanyika

Mkokotoaji huanza kwa kutaja viini viko wapi. Kwa kuwa elektroni za ndani hushiriki kidogo sana katika kuunganisha atomu, programu nyingi huziweka kando na kutumia mvuto wa badala. Hivyo silikoni hubaki na elektroni 4 kwa kila atomu. Programu hukisia msongamano, hutafuta mvuto unaotokana nao, huzikokotoa elektroni za kubuni katika mvuto huo, kisha hupata msongamano mpya. Mpya na wa zamani huchanganywa, na kazi huanza upya, mithili ya mpishi aonjaye mchuzi, akaongeza chumvi kidogo, akaonja tena. Msongamano usipobadilika tena, mzunguko huishia hapo.

Mizunguko kuishia haimaanishi kwamba jibu limetulia. Elektroni hizo huandikwa kwa kujumlisha mawimbi, na mkokotoaji ndiye anayeamua atumie mawimbi mangapi. Vilevile huchagua vituo vingapi vitawakilisha mielekeo yote ya mwendo wa elektroni katika fuwele. Akichagua vichache mno, programu haitalalamika. Itatoa jibu baya lenye tarakimu nyingi baada ya nukta. Kwa hiyo mkokotoaji mwaminifu huongeza mawimbi, kisha vituo, na hutazama mpaka jibu liache kuyumba. Kazi hiyo huchosha na mara nyingi haionekani katika ripoti, lakini bila hiyo ripoti haina msingi.

6.0 Pengo la Silikoni

Mwanafunzi alirudi kwenye hesabu yake. Aliongeza mawimbi, pengo halikubadilika. Aliongeza vituo, halikubadilika. Ndipo alipoona kwamba kosa halikuwa katika mkono wake. Thibitisho la mwaka 1964 humwezesha mkokotoaji kupata nishati na msongamano wa hali ya chini kabisa. Pengo ni swali jingine: ni gharama ya kuiondoa elektroni moja na kuiongeza nyingine. Nishati za zile elektroni za kubuni hufanana na gharama hiyo, lakini hazikuahidiwa kuwa ndiyo yenyewe. Mwaka 1983 Sham na Michael Schlüter, na hali kadhalika Perdew na Mel Levy, walionyesha kwamba hata ile fankshenali kamili ingekuwa mikononi, tofauti baina ya nishati hizo isingelazimika kulingana na pengo la kweli.

Mbele yake palikuwa na njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kuongeza 0.67 kwenye jibu na kunyamaza. Ya pili ni kujaribu fankshenali moja baada ya nyingine hadi 1.17 itokee, kisha kuandika hiyo tu. Zote mbili zingempa mchoro wa kupendeza. Lakini silikoni imekwisha kupimwa. Jibu lake linajulikana. Hesabu hufanywa hasa kwa ajili ya maada ambayo bado haijapimwa, na huko hakuna 1.17 ya kuikimbilia. Aliyezoea kuongozwa na jibu atapotea siku ambayo jibu halipo. Njia ya mwongo ni fupi.

Zipo njia zilizo halali. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa Kohn na Sham, Lars Hedin alitoa mbinu inayokokotoa moja kwa moja gharama ya kuondoa na kuongeza elektroni, nayo hulikaribia pengo la silikoni vizuri. Huhitaji muda mwingi zaidi wa kompyuta. Mwanafunzi hakuwa na muda huo. Aliandika 0.5 katika ripoti yake, akataja fankshenali aliyoitumia, akaeleza kwa nini pengo lilitoka dogo, na akasema kwamba upande wa mchemraba waweza kuaminiwa ilhali pengo haliwezi. Mwalimu alisoma, akatia saini, akampa kazi ya pili.

7.0 Hitimisho

Kazi ya namna hii haihitaji tanuri wala mashine za bei kubwa, na baadhi ya programu zake, kama vile Quantum ESPRESSO, hutolewa bure. Kwa sababu hiyo imepata makao katika vyuo vya Afrika. Shule ya Afrika ya mbinu hizi ilikutana Cape Town mwaka 2010 na Eldoret mwaka 2012, ikisaidiwa na kituo cha fizikia cha Trieste kilichoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964, mwaka ule ule wa thibitisho la Hohenberg na Kohn.

Urahisi huo ni neema na mtihani kwa pamoja. Kinachopatikana bure ni programu. Uamuzi wa kuiamini au kutoiamini kila namba hubaki kwa mtu. Hapo ndipo lugha nayo inapoingia. Anayeweza kumweleza ndugu yake asiye mwanafizikia, kwa Kiswahili, nini kimesongamana, nini kimekadiriwa na nini hakikuahidiwa, huyo ameielewa hesabu yake. Asiyeweza, hata jibu lake likilingana na la maabara, amebahatisha.