Kamati ya Bembea

Kwetu Kenyenya, mtu akifariki asubuhi, jioni kamati imeshaundwa. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, na nambari ya M-Pesa ya kupokea mchango imeshawafikia jamaa walioko Kisii mjini, Nairobi, Mombasa, hata Minnesota. Ndivyo tunavyofanya kwa harusi, kwa karo, na kwa mgonjwa anayesubiri upasuaji. Kupanga tunakujua. Kwa hiyo mama yangu alipotoa wazo kwamba wajukuu wake wapelekwe Nairobi wakacheze siku nzima, na ndugu yetu mmoja akauliza kama hilo nalo ni jambo la kuitishia mchango, nilisimama nikasema ndiyo. Mtoto anayechuma majani chai kabla ya kwenda shule, anayeteka maji na kumbeba mdogo wake mgongoni, anastahili kamati yake akiwa hai na mwenye afya.

Kamati ikaketi sebuleni kwa mama. Kila nyumba ilipangiwa kutoa kidogo kila wiki kuanzia Januari, na likizo ya Agosti ikawa ndiyo shabaha. Mama alitangulia kutoa, kutoka kwa pesa zake za majani. Watoto nao hawakuachwa nje: waliuza avokado sokoni, na kila walichopata kiliandikwa katika daftari ileile, mstari mmoja na michango ya wazazi wao. Nililishikilia sana hilo la daftari. Anayeona jina lake limeandikwa hungoja safari kwa namna nyingine, kwa maana anajua imetoka wapi.

Mahali pa kwenda palizua mjadala mrefu. Kaka yangu mkubwa alitaka Uhuru Park, kwa kuwa ndiko alikopelekwa utotoni akapanda mashua kwenye bwawa, na kando yake, Luna Park, akaona bembea za umeme kwa mara ya kwanza. Sikumlaumu. Bustani ile ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969, na vizazi vya watu wasio na pesa nyingi vimejilaza kwenye nyasi zake siku za sikukuu. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kusimamisha humo jengo la ghorofa 60. Mwanamazingira Wangari Maathai aliupinga kwa barua na kwa sauti, akakejeliwa bungeni, na hatimaye jengo halikujengwa. Niliwasimulia watoto hayo yote kwa sababu nataka wajue kwamba nafasi ya kuchezea ni kitu ambacho mtu mzima mwenye akili timamu aliwahi kukipigania.

Lakini watoto walikuwa na lao. Mmoja alikuwa ameona kwenye simu picha ya gurudumu kubwa lililoko Two Rivers, kwenye barabara ya Limuru karibu na Ruaka, lile liitwalo Eye of Kenya. Jumba lile la maduka lilifunguliwa Februari 2017, na uwanja wake wa michezo una gurudumu hilo pamoja na rola kosta. Tulipiga kura. Kaka alishindwa, akakubali vizuri.

Siku ilitusumbua kuliko pesa. Sisi ni Wasabato, kama majirani zetu wengi, na tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi hakuna safari ya starehe. Kuna waliosema tuondoke Jumamosi usiku tufike alfajiri, kama wanavyofanya wasafiri wengi wa Kisii. Mama alikataa. Alisema barabara ya usiku imekula watu wa kutosha, na yeye hatawatia wajukuu wake ndani ya gari ambalo dereva wake anapigana na usingizi. Kutoka kwetu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Ukiondoka alfajiri utafika adhuhuri, watoto wamechoka, na michezo itakuwa imebaki nusu. Basi ikaamuliwa tusafiri Jumapili kuanzia alfajiri, tulale kwa jamaa Kawangware, tucheze Jumatatu, turudi Jumanne. Jumatatu ilikuwa na faida nyingine, kwa kuwa umati wa mwisho wa wiki huwa umeondoka.

Hilo la umati alitufundisha dada yetu aliyeko Minnesota, ambako sisi Wagusii ni wengi kiasi kwamba mtu aweza kupita wiki nzima akizungumza Ekegusii. Karibu na Minneapolis, katika mji wa Bloomington, kuna Mall of America, iliyofunguliwa 1992, na katikati ya jengo lile mna uwanja mzima wa michezo chini ya paa, ili theluji ya huko isiwazuie watoto. Dada huwapeleka wanawe. Alitupigia simu ya video kamati ikiwa imeketi, akatoa maagizo ambayo mweka hazina aliyaandika yote. Fikeni lango likifunguliwa. Anzeni na mchezo wenye foleni ndefu kuliko yote, mwingine utangoja. Msile kabla ya mambo ya kuzunguka. Chagueni mahali pa kukutania mtu akipotea, na kila mtoto awe na nambari ya simu ya mkubwa, imeandikwa kwa wino mkononi. Kisha akasema neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria: wapimeni urefu.

Michezo ya kasi ina kipimo. Mshipi na nondo ya kifuani vimetengenezwa kushika mwili wa ukubwa fulani, na aliye mfupi aweza kuchomoka. Ndiyo maana kwenye viwanja vya michezo duniani kote utakuta ubao wenye mstari, mara nyingi kati ya sentimita 100 na 140 kutegemea mchezo, na anayesimamia hana ruhusa ya kukuonea huruma. Nikaazima utepe kwa fundi wa nguo pale sokoni, nikawapanga watoto kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, nikachora mstari wa penseli juu ya kila kichwa. Wakubwa walipita. Wa katikati walikuwa ukingoni. Kitinda mimba wa kaka yangu, binti wa miaka mitano, hakukaribia.

Nilimwambia siku hiyohiyo, pale pale mlangoni, na alilia. Bado naamini ilikuwa afadhali alie jikoni kwa nyanya yake kuliko mbele ya lango, akiwatazama wenzake wakiingia. Alipotulia tuliketi naye tukaandika orodha yake mwenyewe: farasi wa kuzunguka, kisha gurudumu kubwa, ambalo mtoto hupanda akiwa na mtu mzima. "Nitapanda na nyanya," akasema. Mama, ambaye hakuwa ameulizwa, alikohoa kidogo akaendelea kupepeta wimbi.

Jumapili tuliondoka kabla hakujapambazuka vizuri, kwa matatu ya abiria 14 tuliyoikodi pamoja na dereva wake. Ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na karanga vilikuwa vya njiani tu, kwa kuwa malango mengi ya viwanja hivi hayapokei chakula cha nje. Masweta yalikuwa juu, maana Nairobi ya Agosti ina baridi ya kuuma. Tukapita Kisii mjini bado taa zinawaka, tukapanda hadi Keroka, na mashamba ya chai yakatusindikiza hadi Sotik. Baada ya Bomet nchi hufunguka. Watoto waliozaliwa kwenye vilima vyetu, ambako ukitazama mbele unaona boma la jirani, walinyamaza walipoona ngano ya Narok ikienda hadi mwisho wa macho.

Tulikunywa chai Narok. Dereva alilala kidogo, kama tulivyopatana naye tangu Kenyenya, na hakuna aliyemharakisha. Bondeni Mlima Longonot ulionekana wote, na baada ya Mai Mahiu barabara ikaanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa. Pale kando kuna kanisa dogo ambalo mateka wa vita wa Kiitaliano walilijenga mwaka 1942, wakati wakichonga barabara hiyo. Mtoto mmoja alitapika kwenye kona, akasafishwa, akapewa dirisha.

Kawangware tulipokelewa kwa namna ambayo watu wetu hupokeana: magodoro sakafuni, ugali, mboga za saga, maswali juu ya kila aliyebaki nyumbani. Usiku watoto hawakushikika. Ili walale niliwasimulia habari za George Ferris, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi ya chuma cha madaraja. Chicago ilikuwa inaandaa maonyesho ya dunia ya 1893 na ilitaka kitu cha kushindana na mnara ambao Wafaransa walikuwa wameusimamisha Paris mwaka 1889. Ferris akachora gurudumu. Walimwambia litaanguka. Lilisimama mita 80 hivi, na vibanda vyake 36 vilichukua watu 60 kila kimoja. Mpwa wangu mkubwa alizidisha kichwani gizani: "Watu elfu mbili, mia moja na sitini, shangazi. Ni soko lote la Kenyenya linapaa."

Jumatatu tulikuwa langoni mapema. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila mtoto ana idadi sawa ya michezo, na uchaguzi ni wake. Sikuruhusu mtu mzima yeyote aseme, "Panda huu, ndio wenye thamani ya pesa." Ilikuwa siku yao. Wakubwa walikwenda moja kwa moja kwenye rola kosta, na yule mwanahesabu akageuka mhandisi: akasimama chini akiwaeleza wadogo zake kwamba behewa halina injini, kwamba mnyororo hulivuta hadi kileleni na kuliachia, na lililobaki lote ni uzito wake, kama mikokoteni ya mbao wanayoshuka nayo mteremko wa nyuma ya shule. Kisha akapanda, na nilimsikia akipiga mayowe katika Ekegusii.

Mwenzake wa katikati, aliyekuwa ukingoni mwa mstari wa penseli, alipimwa akapita kwa upana wa kidole. Niliona mabega yake yakishuka. Alifika mbele ya kiti, akakitazama, akarudi. Hakuna aliyemcheka. Tulikuwa tumewaambia nyumbani kwamba kurudi ni ruhusa, na kwamba mchezo ambao hukuupanda unabaki kuwa wako, waweza kuubadilisha na mwingine. Akaenda vigari vya kugongana akatoka amelowa jasho la furaha.

Kitinda mimba alimaliza farasi wake, akaja akamshika nyanya mkono bila kusema kitu. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani na leso mpya. Maishani mwake amepanda mabasi, malori ya mawe, na pikipiki akiwa na gunia la mahindi, lakini hajawahi kulipa pesa ili anyanyuliwe na kurudishwa palepale. Aliuliza mhudumu kama upepo ukizidi wanafanya nini. Kijana yule alimjibu kwa heshima: "Tunasimamisha, mama, tunawashusha mmoja mmoja." Mama akaridhika. Swali lile ndilo kila mzazi angefaa kuuliza kabla ya kukabidhi mtoto kwa mashine, na nilifurahi kwamba wajukuu walimsikia akiliuliza.

Tukapanda watatu. Gurudumu huenda polepole kuliko linavyoonekana kutoka chini, na husimama kila mara kupakia wengine, kwa hiyo mara unajikuta umening'inia juu kabisa bila la kufanya ila kutazama. Maghorofa ya Ruaka yalikuwa upande mmoja, yamebanana, na upande mwingine miti ya Runda na paa zake nyekundu. Mtoto alitaka kujua Kenyenya iko wapi. Mama alinyoosha kidole kuelekea magharibi kwa uhakika kamili. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika baba, na kila kibanda kiliposogea alicheka upya, na mjukuu akicheka naye, hadi wa kibanda cha chini yetu wakainua macho.

Nilimtazama nikafikiria miaka yote ambayo daftari za michango zimepita mikononi mwake: ya matanga, ya hospitali, ya karo. Jina lake liko katika zote. Hii ilikuwa ya kwanza ambayo na yeye amekula matunda yake.

Jumanne, Narok, tukingoja chai, mweka hazina alifungua daftari akasoma hesabu yote kwa sauti, kama inavyofanywa mwisho wa kila kamati. Kulikuwa na salio. Ndugu yule aliyeuliza mwanzoni kama jambo hili linastahili mchango alipendekeza lisigawanywe, liwe mwanzo wa safari ya Mombasa, watoto wapande treni ya SGR na waoge baharini. Wakapiga kelele za kukubali hata wahudumu wa hoteli wakageuka. Mama alingoja watulie, kisha akauliza kama mtu mwenye uzoefu: "Mombasa tutalala kwa nani?" Tulipofika Bomet tulikuwa tumepata majina matatu ya jamaa, mmoja Changamwe, mmoja Likoni, na mwingine Mtwapa, ambaye nambari yake mpya itabidi tuitafute kwa binamu yake wa Ogembo.