Kifundo cha Mkono Hakina Kosa

Mtu akitaja Miritini, aghalabu msikilizaji hukumbuka malori ya makontena yanayoelekea Nairobi, au kituo cha reli ya kisasa kilichofunguliwa mwaka 2017. Gofu haimjii akilini. Hata hivyo, mtaani kwetu wamo vijana wanaodamka alfajiri, wakapanda matatu hadi kisiwani kubeba mifuko ya fimbo katika uwanja wa Mombasa, ule ulioanzishwa mwaka 1911 juu ya miamba inayotazama bahari, karibu na kivuko cha Likoni. Hao ndio makedi. Mdogo wangu ni mmoja wao, na maumivu ya mkono wake ndiyo yaliyoizaa makala hii.

Kwa kedi, gofu si anasa. Kedi ajuaye kucheza huaminika anapomshauri mchezaji, na Wakenya wengi wanaocheza gofu ya kulipwa walianzia katika kubeba mifuko. Mdogo wangu aliitamani njia hiyo. Lakini kila alipovuta fimbo nyuma, kifundo cha mkono wake wa kushoto kilipinda, na mpira ukaenda mrama kuelekea kulia. Usiku alikikanda kwa maji ya moto. Hatimaye akaniambia, "Kaka, mkono huu ni mbovu. Bora niuache mchezo."

Mjomba wetu, kedi wa miaka mingi, alipozipata habari hizo alikuja kumtazama. Hakushughulika na kifundo. Alisema, "Hebu shika fimbo, mwanangu, wala usipige." Kisha akainama, akavichunguza vidole kimoja baada ya kingine. "Kifundo hakina kosa," akasema. "Kinalipa deni la kiganja."

Maneno hayo yanahitaji ufafanuzi. Kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia, mkono wa kushoto ndio ushikao juu. Mpini ukilala katikati ya kiganja na kukabwa kama mchi, kifundo hukazika, kisiweze kujikunja kwenda juu. Nacho, kwa kukosa njia ya haki, hutafuta ya panya: hupinda kuelekea mgongo wa kiganja. Hapo uso wa fimbo hufunguka, na mpira hukimbilia kulia.

Wahenga walinena kwamba mwiba uingiliapo ndipo utokeapo. Mjomba alianza kuutoa pale pale. Aliulaza mpini mshazari kwenye mashina ya vidole, akakiweka kidole gumba juu yake, kikielemea kulia kidogo. Mchezaji akitazama chini, sharti avione vifundo viwili vya vidole vya mkono wa kushoto. Na ile pembe iliyo baina ya gumba na kidole cha shahada ielekee bega la kulia. Kuhusu nguvu za kushika, alitoa mfano ambao kila mkazi wa Miritini anauelewa: "Shika kama umshikavyo mtoto mkono mkivuka barabara ya malori. Humwachilii, wala humvunji vidole."

Baada ya mshiko ndipo lilipofuata somo la kuvuta nyuma. Kifundo hukunjwa kwa upande wa gumba, kama mtu anyanyuaye nyundo, si kama asukumaye mlango. Mkono wa kushoto ukifika usawa wa ardhi, fimbo iwe imesimama na kufanya nao pembe ya takriban nyuzi 90. Mjomba alichukua rula ya shule, akaifunga kwa kitambaa kuanzia mgongo wa kiganja hadi juu ya kifundo. Kifundo kikipinda vibaya, rula hubana papo hapo. Kwa majuma kadhaa mdogo wangu alivuta fimbo polepole uani, bila mpira.

Mafunzo haya hayakuzuka mtaani kwetu. Harry Vardon, mzaliwa wa kisiwa cha Jersey aliyelitwaa taji la Uingereza mara sita, ndiye aliyeueneza mshiko wa kukilaza kidole cha mwisho cha mkono wa kulia juu ya mkono wa kushoto. Ben Hogan wa Marekani, ambaye kwa miaka mingi alisumbuliwa na mipira iliyopinda kushoto, alichapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 1957, na somo la kwanza humo ni mshiko.

Ndugu msomaji, lipo jambo linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Siku ya kwanza mjomba alisema, "Nyoosha kiwiko," naye mdogo wangu akanyoosha mkono mzima. Kwa mjomba, kiwiko ni hapa kiganja kinapoungana na mkono. Kwa kijana, ni pale mkono unapokunjika katikati. Maana zote mbili zina wenyewe. Ikawa lazima tukubaliane: hapa tuseme kifundo, pale tuseme kisugudi. Baada ya hapo somo lilikwenda bila kikwazo. Ufundi mwingi wa makedi umo mikononi na vinywani mwao, nasi hatujauandika. Kijana asipopata neno moja lenye maana moja, huenda akatibu kiungo kizima na kukiacha kigonjwa.

Maumivu yamepungua sana, ingawa mjomba alimwonya kwamba yakirudi aende hospitalini, asitegemee rula. Mpira nao bado hukengeuka siku ambazo kusi inavuma kwa nguvu kutoka baharini. Lakini sasa mdogo wangu hautukani mkono wake. Mpira ukienda kombo, huvitazama vidole vyake kwanza, akavipanga upya, akapiga tena.