Kujaa na Kuzidiwa

Kengele ni mtumishi mwaminifu asiye na akili. Ikiambiwa ilie hapa, hulia hapa. Haiulizi kama moto umewashwa jikoni kwa kupika au umeshika paa. Akili yake yote imo katika kichwa cha mtu aliyeiweka, na mtu huyo akikosea kwa upana wa kidole, kengele itarudia kosa lake usiku na mchana bila kuchoka. Achokaye ni mwanadamu.

Alichoka hivyo kijana mmoja wa Laela, mtunza mashine wa chama kidogo cha wakulima wa mahindi. Laela iko katika uwanda wa juu wa Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma, kiasi cha kilometa 95 kabla ya kufika Sumbawanga. Kabla ya barabara hiyo kutiwa lami, katika miaka ya mwanzo ya 2010, barua ya masika iliweza kulala katika matope siku nyingi kuliko zile zilizohitajiwa kuiandika, kuisoma na kuijibu. Sasa barua nyingi hazikanyagi barabara hata kidogo. Chama kile kilikuwa na seva yake chenyewe ya barua pepe, mashine kuukuu iliyokaa katika chumba cha nyuma, baina ya mizani na marundo ya magunia matupu. Mtu mwenye busara angeuliza kwa nini chama cha namna hiyo kisikodi nafasi katika mashine za wengine, kama wafanyavyo wengi. Na swali hilo lina haki. Jibu lililotolewa ofisini ni kwamba mtandao ulikatika mara kwa mara, nao walitaka barua za ghala, za mizani na za mhasibu ziendelee kupita hata siku ambayo mji umetengwa na dunia. Labda jibu la kweli ni kwamba mashine ilikuwapo tayari, na kitu kilichopo ni vigumu kukitupa.

Kumbukumbu ya kompyuta si kumbukumbu ya mwanadamu. Mwanadamu hukumbuka yaliyopita; mashine huita kumbukumbu ile nafasi ambamo kazi ya sasa hufanyiwa, na umeme ukizimika husahau yote yaliyokuwamo. Yaliyopita huwekwa katika diski. Diski ni kabati la karani, kumbukumbu ni meza yake. Meza ya seva ya Laela ilikuwa ya gigabaiti 4, nayo iliwekewa kengele: kila dakika tano kipimo kilitazama, na kilipoona kumbukumbu imetumika kupita asilimia 80 kilipeleka ujumbe katika simu ya kijana.

Ujumbe huo ulipenda kufika usiku. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya Ufipa si ya mzaha, na kijana aliamka, akajitanda blanketi, akavuka ua mpaka ofisini. Huko alikuta barua zinapita vizuri, hakuna aliyelalamika, wala hakuna kilichovunjika. Hata hivyo kipimo kilisema asilimia 87. Basi aliizima mashine na kuiwasha tena, namba ikaanguka, naye akarudi kitandani akijiona tabibu. Kulipopambazuka namba ilikuwa imepanda tena. Juma la pili aliinua kiwango cha kengele kikawa asilimia 90. Juma la nne alikifanya 95, na simu akaihamisha kutoka mtoni mwa kitanda, akaiweka juu ya kabati, ndani ya kofia. Wazee walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hawakusema kwamba ng'ombe azoeaye chura aweza pia kuacha kumsikia mamba. Wala kosa hili si la Laela tu. Mwaka 2013 chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali nchini Marekani kilitoa onyo rasmi kwamba wauguzi, kwa kuzungukwa na vyombo vinavyolia mchana kutwa, huzoea sauti hizo, na wengine huzipunguza au kuzizima, na wagonjwa hufa katikati ya makelele.

Usiku wenyewe ulipofika, kengele haikulia. Miongoni mwa programu za seva ile ilikuwamo ya kukagua virusi, ClamAV, ambayo huweka katika kumbukumbu alama zote za virusi izijuazo, na alama hizo huchukua zaidi ya gigabaiti moja. Tangu toleo lake la mwaka 2020, orodha mpya ifikapo huipakia kando ya ile ya zamani ili ukaguzi usisimame, na kwa muda huo mfupi mzigo wake huwa maradufu. Saa nane ya usiku orodha mpya ilifika. Ulikuwa msimu wa mavuno, na foleni ilijaa barua nzito zenye picha za stakabadhi na za magunia, kila moja ikitaka kufunguliwa na kukaguliwa. Meza ikaisha. Mfumo wa Linux una desturi katili kwa saa kama hiyo: kumbukumbu ikikosekana kabisa, kiini cha mfumo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipate kuishi, na uchaguzi huo aghalabu huangukia ile iliyonona kuliko zote. Mkaguzi wa virusi ndiye aliyenona. Aliuawa kabla kipimo hakijatazama tena, na alipokufa kumbukumbu aliyoishika yote ikaachwa wazi.

Kwa hiyo kijana alipoamka asubuhi na kutazama, aliona asilimia 41. Hajapata kuona namba nzuri kama hiyo tangu aajiriwe. Akanywa chai yake kwa furaha.

Wakati huo huo kila barua iliyobisha hodi ilikuwa ikirudishwa mlangoni. Mpokea barua alikuwa na amri kwamba mkaguzi asipojibu, mgeni aambiwe arudi baadaye. Na katika kanuni za barua pepe jibu la namna hiyo huanza na tarakimu 4, nalo si sawa na lile lianzalo na 5, ambalo ni kukataliwa moja kwa moja. Mashine ya mwandikaji ikipata jibu la 4 huihifadhi barua na kujaribu tena, na desturi ni kutokata tamaa mpaka siku nne au tano zipite. Ni kanuni ya kiungwana, nayo iliziokoa barua zote za siku hiyo. Lakini aliyeambiwa arudi baadaye hukaa kitambo kabla ya kurudi, na akirudishwa mara nyingi, kitambo hicho hurefuka.

Mojawapo ya barua zile ilitoka kwa mnunuzi wa mahindi. Aliomba chama kithibitishe kwa maandishi, kabla ya saa sita ya mchana, bei na kiasi cha tani 30, yaani magunia 300 ya kilo mia mia. Barua iliingia Laela jioni, saa kumi na moja na dakika chache, baada ya kijana kugundua kifo cha mkaguzi na kumfufua. Mnunuzi alikuwa amekwisha geukia kwingine. Magunia 300 yalibaki ghalani, na watu wenye mahindi yale walikuwa wamekwisha ahidiana na ada za shule.

Katibu alipokuja mbio kuuliza, kijana alijibu neno moja: mtandao. Lilikuwa neno jepesi, nalo lilisadikiwa papo hapo, kwa sababu mtandao hukatika kweli, na hauna uso wa kuona haya wala kinywa cha kujitetea. Katika ofisi nyingi neno hilo limebeba dhambi nyingi kuliko punda wa soko. Katibu alitikisa kichwa, akaulaani mtandao, akaenda zake. Kijana alibaki na mashine yake, akafungua daftari la matukio, na humo akaukuta mstari uliotaja saa, programu, na kwamba imeuawa kwa kukosa kumbukumbu. Mashine haikumficha kitu. Yeye ndiye aliyekuwa amewaficha wengine.

Alikaa na neno lile siku mbili. Siku ya tatu alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, mzee aliyekuwa akipanga mahindi ya mbegu uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Akaeleza. Haikutoka vizuri, kwani alianza na orodha za virusi na asilimia, na mzee alilazimika kumrudisha nyuma mara mbili. Mwisho alisema waziwazi kwamba mtandao haukukatika; kengele aliiziba mwenyewe kwa sababu ilimsumbua kila usiku kwa kusema kumbukumbu imejaa.

Mzee hakuyajibu mambo ya mtandao upesi. Aliuliza, "Imejaa nini?"

Kijana hakuwa na jibu.

"Kihenge changu kikijaa," mzee alisema, "hakuna mtu apigaye yowe. Yowe hupigwa mdudu aingiapo, au chakula kikikosa pa kuwekwa na mvua i karibu. Wewe kengele yako yalilia kujaa, au yalilia nini?" Kisha akaongeza, na hili lilimchoma kijana kuliko lile la kwanza, "Katibu nitamwambia mimi, au utamwambia wewe?"

Mfano wa kihenge ulikuwa na kasoro moja, nayo yafaa kutajwa, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufunguo. Mahindi ya kihengeni ni mahindi yenyewe; yakitupwa yamepotea. Sehemu kubwa ya vitu vijazavyo kumbukumbu ya seva ni nakala. Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, huhesabu nafasi tupu kuwa hasara. Kila faili lisomwalo kutoka diskini huachwa mezani, pengine litahitajiwa tena, na programu ikitaka nafasi nakala hizo huondolewa mara moja pasipo madhara, kwa kuwa asili yake imo kabatini. Ndiyo sababu mashine nzima, yenye afya, huonekana imejaa. Watu wengi walidanganyika kwa namba hiyo, hata mwaka 2014 kiini cha mfumo kikaongezewa namba nyingine, isemayo si nafasi iliyo tupu bali nafasi iwezayo kupatikana ikihitajiwa. Kengele ya Laela ilizihesabu nakala kuwa mzigo. Kila usiku ililia kwa kujaa, na usiku wa kuzidiwa ilikuwa imekwisha tiwa kofia.

Kompyuta iliyoteremka mwezini nayo ililia kengele ya kumbukumbu. Tarehe 20 Julai, 1969, chombo cha Neil Armstrong na Buzz Aldrin kikiwa katika dakika zake za mwisho za kushuka, kompyuta yake, iliyokuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu iwezayo kuandikwa upya, ilionyesha namba 1202: nafasi za kuweka kazi mpya zimekwisha. Wasafiri hawakujua maana yake. Duniani, kijana wa miaka 24, Jack Garman, alikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye kengele zote za kompyuta ile na la kufanya kwa kila moja. Aliiandika baada ya zoezi ambamo kengele ya jamii hiyo iliwatisha wakakatiza safari bure. Karatasi ilimwambia kwamba kengele hiyo isipofululiza, safari yaweza kuendelea. Akamwambia Steve Bales, mwongozaji wa njia, naye akatoa ruhusa. Kompyuta ile iliundwa ili ikizidiwa iache kazi ndogo na kushika kubwa, ambayo ni adabu bora kuliko ya kumwua aliyenona. Lakini hata adabu hiyo isingefaa kitu kama hapakuwa na mtu aliyekwisha kuyafikiri hayo kabla ya saa yake.

Kijana wa Laela alinunua daftari la shule la kurasa 40. Katika ukurasa wa kwanza aliandika kwamba kengele isitazame tena kiasi kilichotumika, bali kiasi kiwezacho kupatikana, na ilie kikishuka chini ya sehemu moja katika kumi. Katika wa pili, kwamba ilie pia mkaguzi asipojibu, hata kama kumbukumbu ni tele, na kwamba namba ikianguka ghafla ni habari ya kuchunguza sawasawa na ikipanda. Simu ilirudi mtoni mwa kitanda. Majuma mawili ya kwanza ililia mara moja tu, na mara hiyo kulikuwa na jambo.

Lilibaki la orodha ya virusi. Fedha ya kuongeza kumbukumbu haikuwapo, hasa mwaka ule. Ikabidi kuchagua: ama mzigo maradufu na ukaguzi usiosimama, ama mzigo mmoja na barua kungojea wakati orodha ya zamani inatolewa na mpya inapakiwa. Alichagua kungojea. Saa ya kupakia aliihamisha kutoka saa nane ya usiku, akaiweka saa saba ya mchana, wakati ambao yeye yu macho na aweza kuitazama. Mashine ni kuukuu, nayo huchukua kitambo; kwa muda huo barua zote husimama mlangoni kama watu wanaopisha mazishi.

Katibu, ambaye hupenda kumaliza barua zake kabla ya chakula, aliliona jambo hilo siku ya kwanza. Alitoka ofisini mwake akiwa na karatasi mkononi, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Mtandao umekatika tena?"

"Haukukatika," kijana alisema. "Ni mashine yangu. Na siku ile pia ilikuwa mashine yangu. Kaa kidogo nikueleze."

Katibu alitazama saa, akavuta gunia tupu, akakaa.