Sabuni Iliyompandisha Nyanya Ndege

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la saba, na likizo yote ya Agosti niliimaliza nikikata pakiti za sabuni kwa wembe. Tulikuwa nyumbani kwa mjomba, nje kidogo ya Nkubu, kwenye barabara ya Meru kwenda Chuka. Viti vya chumba cha mbele vilikuwa vimetolewa nje na turubai la kuanikia maharagwe limetandazwa sakafuni. Tulikaa watoto watano, kila mmoja na wembe wake na beseni lake. Pakiti hukatwa juu, mkato mmoja ulionyooka, bila kugusa jina wala picha. Sabuni inamiminwa, pakiti inakung'utwa, inapangwa. Zikifika kumi zinafungwa kwa uzi wa katani, na mafungu kumi yanakuwa mia. Aliyepita mlangoni angedhani tunafunga miraa. Vumbi la sabuni lilitufanya tupige chafya mchana kutwa, na jioni vidole vilikuwa vimechubuka hata kushika ugali wa moto ilikuwa taabu.

Mjomba alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kupima mbuni na kuandika kilo za kila mkulima. Alikuwa amewaona wakulima wakifika na risiti zilizofifia na kurudi mikono mitupu, na wengine wakilipwa kwa sababu tu walitunza karatasi zao. Mfumo wa dunia wa migao ya kuuza kahawa nje ulipovunjika Julai 1989, bei ilianguka, na kwetu malipo yakawa ya kungojea. Tangu hapo alikuwa na methali moja mdomoni: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lake la jalada gumu lilikuwa na kila kitu, hata nauli ya matatu.

Siku moja alirudi na gazeti la Jumapili. Kampuni moja ya sabuni ya unga ilikuwa imetangaza ofa: ukikusanya pakiti tupu 600 na kuzipeleka ofisini kwao Nairobi kabla ya mwisho wa Septemba, unapewa tiketi ya ndege ya Nairobi hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Mjomba alilisoma tangazo mara tatu, akaniita nilisome kwa sauti. Kisha akauliza, "Mpwa wangu, wameandika pakiti kubwa au ndogo?" Nikatazama tena. Hawakuandika. Picha ilionyesha pakiti kubwa, lakini maneno yalisema pakiti tu.

Pakiti ndogo ya gramu 30 iliuzwa shilingi tano kila kioski. Hilo ndilo tundu aliloliona, na usiku huo alikaa na taa ya kandili akipiga hesabu. Akinunua kwa jumla atalipa Sh 4.50 kwa pakiti. Pakiti 1,500 ni Sh 6,750. Ndani yake mna kilo 45 za sabuni, na sabuni haikuwa na shida yoyote. Akiiuza sokoni kwa kupima, kwa Sh 120 kilo, zinarudi Sh 5,400. Pengo ni Sh 1,350. Kwa pengo hilo angepata tiketi mbili, na pakiti 300 za kuanzia ya tatu.

Mwaka huo redio yote ilikuwa ni Kenya Airways. Serikali ilikuwa ikiuza hisa za shirika hilo kwa wananchi kwa Sh 11.25 kila moja, baada ya KLM ya Uholanzi kuchukua asilimia 26. Walimu na maafisa wa Meru mjini walizungumzia hisa kila walipokutana. Mjomba hakuwa na pesa za hisa. Lakini kila siku pikapu za miraa kutoka Maua zilipita mbele ya nyumba yake kwa mwendo wa kutisha, zikiwahi ndege za Mogadishu na London. Alisimama barabarani akiziangalia, akatuambia, "Majani yetu yamepanda ndege kabla ya mama zetu." Hakuwa anatania. Nyanya, mama yake, alikuwa amezaa watoto wanane na kuchuma kahawa tangu Wameru waliporuhusiwa kuipanda, na hakuwa amewahi kupita Nairobi.

Maduka ya jumla ya Meru hayakuwa na katoni za kutosha za pakiti ndogo, kwa hiyo tulikwenda Embu. Nilifuatana na mjomba. Tuliteremka Daraja la Nithi abiria wote wakiwa kimya, kama ilivyo hadi leo kwa anayeijua kona ile ya ajali, tukapita Chuka na Runyenjes. Mwenye duka la jumla Embu alimuuliza kama anafungua shule. Runyenjes alikuwako shemeji wa mjomba aliyeuza nguo sokoni, naye akakubali kuwaambia wenzake wasitupe pakiti. Tukarudi na katoni juu ya matatu, zimefunikwa kwa nailoni.

Kwenye soko la Nkubu mjomba alizungumza na akina mama wauza ndizi, viazi na nyanya. Hakuwaficha. Aliwaambia anachokusanya na kwa nini, na akaahidi kwamba wakifikisha pakiti zao 600, tiketi hiyo itakuwa yao, wapige kura wenyewe nani apande. Kila aliyeleta aliandikwa daftarini: jina, tarehe, idadi. Wapo walioleta pakiti mbili, wapo walioleta 40 zilizookotwa na watoto wao kando ya mto wanakofulia. Mama mmoja muuza ndizi alileta pakiti zake akiwa amezifua na kuzianika, zimenyooka kama noti mpya. Sabuni tuliyoimwaga ilipimwa kwa gorogoro na makopo madogo, na akina mama hao hao wakawa wa kwanza kuinunua kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ya kioski.

Kufikia katikati ya Septemba tulikuwa na pakiti 2,400: zetu 1,500, na 900 za masoko mawili. Tiketi nne kamili.

Mara ya kwanza mjomba alipozipeleka Nairobi alirudi na gunia lake. Karani wa kampuni alimwambia pakiti ndogo hazihesabiwi. Mara ya pili alimkuta mwingine, akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo ilikuwa mwisho wa ofa. Usiku huo aliandika barua. Mimi ndiye niliyeinakili kwa hati safi. Alinukuu maneno ya tangazo yalivyo, akataja tarehe ya gazeti na ukurasa, akaeleza kwamba kila pakiti ilinunuliwa kwa pesa halali, na mwisho akaweka nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Mara ya tatu alikwenda na barua, tangazo lililokatwa gazetini, risiti za Embu na daftari. Alikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa tisa, gunia katikati ya miguu. Meneja alipotoka, alisoma, akahesabu, akarudi ndani. Wakampa tiketi mbili badala ya nne, na karatasi ya kutia sahihi kwamba hadai tena.

Alitia sahihi. Hilo lilimuuma hadi mwisho wa maisha yake, kwa sababu alijua tangazo lilikuwa upande wake. Lakini alikuwa peke yake, nauli ya safari ya nne hakuwa nayo, na hakukuwa na ofisi tuliyoijua ambako mnunuzi wa sabuni ya shilingi tano angekwenda kulalamika.

Tiketi ya kwanza ilikuwa ya nyanya. Watu wengi walidhani ya pili ataichukua mwenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alifungua daftari pale sokoni, akasoma majina yote, na akawaambia akina mama, "Nyinyi mlileta 900 na mimi nikawaahidi. Ahadi ni deni." Kura ilipigwa kwa mbegu za maharagwe ndani ya kopo la sabuni. Ikamwangukia yule mama wa ndizi aliyezifua pakiti zake.

Niliwasindikiza hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Nyanya alivaa koti la marehemu babu na viatu alivyoazimwa na jirani. Alibeba kikapu cha ndizi na viazi vikuu kwa ajili ya mpwa wake wa Changamwe, na askari alipotaka kukikagua alimwambia kwa upole, "Fungua, mwanangu, ni chakula tu." Safari yenyewe haikufika saa moja. Aliporudi siku ya nne, kitu cha kwanza alichotuambia hakikuwa bahari. Alisema, "Nimeona mlima mwingine wenye theluji. Si wetu." Alikuwa ameiona Kilimanjaro dirishani, na maisha yake yote alidhani theluji iko Mlima Kenya peke yake. Alileta halua kwenye kopo la bati na maji ya bahari kwenye chupa ya soda. Halua ilikatwa vipande vidogo kama ncha ya kidole, mjomba akasoma majina tena daftarini, na kila aliyeleta pakiti akapata kipande. Vya Runyenjes vilipelekwa kwa matatu.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mambo haya yalitokea kwingine kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1992 kampuni ya Hoover nchini Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege hadi Marekani kwa kila atakayenunua bidhaa za pauni 100. Watu wakanunua mashine za kufyonza vumbi wasizozihitaji, na ahadi hiyo ikaigharimu kampuni karibu pauni milioni 50 na wakurugenzi kazi zao. Mwaka 1999 mhandisi wa California aitwaye David Phillips aliona kwamba vikombe vya pudini vya senti 25 vinahesabiwa sawa na vyakula vya bei kubwa katika ofa ya maili za ndege. Akanunua 12,150 kwa dola zipatazo 3,140, akapata zaidi ya maili milioni moja. Kubandua nembo za kudai maili hizo kulimshinda, akawapa Jeshi la Wokovu pudini zile nao wakamsaidia kazi hiyo. Niliposoma habari yake niliona vidole vyetu vilivyochubuka.

Nimesikia wakisema watu wa namna hii ni walaghai. Sikubali. Mjomba hakughushi pakiti hata moja, na hakumficha mtu. Kampuni ndiyo iliyoandika sheria, ikaziweka gazetini ili zimvute mnunuzi, na yeye akazisoma hadi mwisho. Ulaghai ninaujua. Nimeuona kwenye duka kubwa moja, karani wa malipo akipitisha kadi yake ya pointi kila alipokuja mteja asiye na kadi, akivuna pointi za mama aliyenunua unga na mafuta bila kumwambia. Huyo amechukua cha mtu. Daftari la mjomba lilikuwa na jina la kila mwenye pakiti.

Tena tusijidanganye kwamba zawadi za ofa ni za bure. Nauli ya ndege ya nyanya ilikuwa ndani ya bei ya kila pakiti, na maelfu waliozitupa shambani walichangia bila kujua. Pointi za leo ni hivyo hivyo. Tangu Bonga ya Safaricom ianze 2007, karibu kila mteja wa kampuni hiyo ya simu ana pointi zake, na wengi hawajui ni ngapi. Kadi za maduka makubwa tulizijaza miaka mingi. Maduka ya Uchumi yakafunga milango Juni 2006 kabla ya kufufuliwa, na Nakumatt, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikafikia Januari 2020 wadai wake wakipiga kura ivunjwe. Duka likifa, anayelala na pointi kwenye pochi amelala na kipande cha plastiki.

Mjomba alifariki 2011 bila kupanda ndege. Mwaka mmoja kabla, Katiba mpya ilikuwa imepitishwa, na ibara ya 46 ikampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na anachonunua, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro ya bidhaa au huduma. Nilimsomea ibara hiyo akiwa kitandani. Aliniomba nirudie, kisha akasema, "Ingekuwako ile siku ya benchi, wangenipa nne."

Kwa hiyo ninakuomba wewe unayesoma: soma tangazo hadi neno la mwisho, likate ulitunze pamoja na risiti. Jua pointi zako ni ngapi leo, na uzitumie ungali na nguvu na duka lingali wazi. Ukikataliwa, andika, taja tarehe, weka nakala. Na kama kuna watu waliokusaidia kukusanya, waandike majina tangu siku ya kwanza, ili tiketi ikija ujue ni ya nani. Daftari lile liko kwangu Nkubu. Lina majina 73.