Kiingilio cha Desemba

Familia zingine Desemba huwa na ushago. Sisi kabla ya ushago tulikuwa na siku ya bembea. Tangu 2008 hatukukosa, isipokuwa ule mwaka wa korona. Mama alikuwa akiuza mitumba Gikomba, na kuanzia Septemba alianza kuficha noti za hamsini hamsini. Siku ikifika tunavaa nguo za kamera, zile alizozichomoa mzigo ulipofunguliwa kabla mteja hajazitia macho, tunapanda mathree mbili, tunashinda huko hadi giza.

Mama mwenyewe hakupanda chochote. Raha yake ilikuwa kukaa kwenye benchi chini ya mti, akilinda viatu na sweta, akitucheka tukishuka tumepauka midomo.

Mwaka 2019 mkanda wa mkononi wa siku nzima ulikuwa shilingi 800. Desemba iliyopita ulikuwa 1,500, na gurudumu kubwa, ambalo ndilo hutupeleka, linalipiwa kando. Chakula cha nyumbani marufuku. Asiyepanda kitu naye ana kiingilio chake: 300. Yaani benchi la Mama limewekewa bei.

Nilimuuliza kijana wa getini. Akanijibu kwa upole, "Siste, stima imetulemea hata sisi." Hapo sina ubishi, tokeni nanunua pia. Lakini stima haielezi kwa nini gurudumu limetolewa kwenye mkanda. Hiyo ni hesabu ya mtu anayejua utarudi tu.

Wenzetu Marekani waliiona mapema. Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955, mtu mzima aliingia kwa dola 1 (haki isemwe, michezo ililipiwa kando). Leo, kwa siku zenye watu wengi zaidi, tiketi ya siku moja hupita dola 200. Tangu 2016 bei hufuata kalenda: likizo ya shule ikifika inapaa, kama nauli yetu mvua ikinyesha. FastPass, mpango wa kupunguza kusimama foleni, ulianza 1999 bila malipo. Mwaka 2021 ukaondolewa, ukaja wa kulipia. Hilo ndilo hunikera kuliko bei yenyewe. Foleni ikishakuwa bidhaa, wanaouza hawana haraka ya kuifupisha.

Na bado watu hujaa. Wanaolalamika sana ni walewale wa kila mwaka, kwa sababu wana cha kulinganisha. Mgeni hulipa, akapiga picha, akaondoka. Sisi tunakumbuka mkanda ulikuwa na nini ndani.

Sasa tuko tisa, ukihesabu wapwa. Wanane wa kupanda ni 12,000, bila gurudumu, bila chipo. Mpwa wangu wa miaka saba, Desemba iliyopita, alisimama mbele ya magari ya kugongana akaniuliza kama hayo yamo kwenye mkanda. Mtoto wa saba! Mimi nikiwa saba nilikuwa nauliza kama nitatapika.

Wiki hii ndugu yangu ametuma hesabu kwa grupu ya familia, na swali: mwaka huu twende au tuwapeleke watoto Uhuru Park, tule aiskrimu, tumalize? Watu wakanyamaza. Kisha Mama akatuma sauti, sekunde tisa. Twende, alisema. Yeye atabaki nje ya geti na mikoba, tusimhesabu.