Vitamini za Mkebeni: Nani Kazipima?

Wahenga walinena ya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kwetu Turkana, kuanzia steji ya Lodwar hadi sokoni Kakuma, nimekutana na wachuuzi wanaotembeza mikebe ya vidonge viitwavyo antioksidanti. Eti vinasafisha damu, vinazuia saratani na kurudisha ujana! Ukimuuliza mchuuzi ni nani kavipima, anacheka tu: "Hii ni vitamini, si dawa. Itakudhuru vipi?"

Shangazi yangu wa Kakuma aliuza mbuzi wawili akanunua mkebe mmoja. Mbuzi ni mali yake, sina neno. Lililonitia hofu ni kwamba alitaka kuacha vidonge vya presha alivyopewa hospitalini. Nilipomsihi asiviache, alinijibu, "Wewe mtoto, vitamini ziko hata kwenye embe. Embe limewahi kumuua nani?"

Swali hilo lilininyima usingizi, kwa maana lina ukweli ndani yake. Nikamwendea mwalimu wetu wa bayolojia. Alinieleza kwamba mwili unapotumia chakula kupata nguvu, hutokea chembe kali ziwezazo kuharibu seli, mfano wa cheche zirukazo mekoni. Vitamini C, vitamini E na beta-karotini huzizima cheche hizo. Wataalamu walipoona kwamba wala mboga na matunda hawapatwi sana na saratani, wakawaza: mbona tusiitie beta-karotini kwenye kidonge?

Wakaijaribu huko Ufini kwa wanaume 29,133 wavutao sigara. Wengine walipewa vidonge vya kweli, wengine vya bandia, na hakuna aliyejua kapata vipi. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Je, saratani ilipungua? La hasha! Waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Jaribio jingine kule Marekani lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu iyo hiyo.

Huenda msomaji akasema hayo ni ya Wazungu. Basi tuje jirani, Dar es Salaam. Mwaka 1995 lilianza jaribio la wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya Ukimwi. Vitamini B, C na E ziliwafaa, maradhi yao yakaenda polepole. Lakini waliopewa vitamini A pamoja na beta-karotini, watoto wao waliambukizwa kwa wingi zaidi. Baadaye, mjini humo humo, wagonjwa 3,418 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi walipewa vitamini, wengine kipimo cha kawaida, wengine kipimo kikubwa. Mwaka 2009 jaribio likakatizwa, kwani kipimo kikubwa hakikuwaongezea faida yoyote, na damu yao ilionyesha dalili za ini kuumia.

Sisemi vitamini ni sumu, asilani! Matone ya vitamini A wapewayo watoto wetu wadogo kila baada ya miezi sita huwakinga na upofu. Lakini hayo yamepimwa, kipimo kinajulikana, na anayeyatoa anajua umri wa mtoto. Embe nalo lina vitamini kidogo kidogo, pamoja na vitu vingine vingi. Huwezi kula maembe mia kwa siku. Kidonge ni rahisi kumeza.

Kisha kuna jambo la upimaji. Dawa haiuzwi mpaka ithibitishwe kwamba inatibu. Vidonge vya namna hii, katika nchi nyingi, huuzwa kama chakula. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwamba vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Hata alama ya ubora, ikiwa ni ya kweli, haimaanishi kwamba kitu hicho kinaponya.

Nilimshawishi shangazi tupeleke mkebe zahanati. Muuguzi aliugeuza huku na huku. Majina ya vitamini yalikuwapo, kipimo hakikuwapo, wala anwani ya kiwanda. Akamwambia, "Mama, dawa ya presha usiiache hata siku moja." Shangazi alikubali, ila alinuna siku mbili. Aliuliza, "Na mbuzi wangu je?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na mpaka leo mimi pia sina.

Kwa hiyo wenzangu, mzazi akija na mkebe, tusimcheke wala kumgombeza. Tumsomee maandishi, kisha tuulize mambo matatu: Ndani mna nini, na kiasi gani? Nani kakipima, kwa watu gani? Je, kinapatana na dawa anazokunywa? Majibu yakikosekana, fedha hiyo heri inunue mboga, maziwa na samaki wa ziwa letu. Mwenye macho haambiwi tazama, bali asiyejua kusoma husomewa. Sisi tunajua kusoma.