Viti 25 vya Gorran na kiti kimoja nilichopewa mimi

Najua nimewatelekeza karibu wiki tatu. Bumu lilichelewa, semina zikabanana, na juu ya yote kuna jambo limenikaa kooni kama mwiba wa sato. Leo nalitema hapa, mnivumilie maana ni refu kidogo.

Mnaonifuatilia mnakumbuka kwamba mwaka jana watu saba tulijitoa kwenye kundi linaloongoza chama chetu cha wanafunzi. Siyo serikali ya chuo kizima, ni hiki chama chetu cha watu wa mkoa mmoja, kamati yake ina watu 13. Ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu: michango. Tunachangia misiba, tunachangia mahafali, halafu hesabu hazisomwi. Tukagombea kivyetu, tukapata viti vitatu, kimoja changu. Basi bwana, Jumatatu mwenyekiti kanikuta kwenye kimbweta, kanunua soda mbili, kaniambia, "Dada, kelele za nini? Njoo ndani uwe mtunza hazina msaidizi." Nikamwambia nipe mpaka Ijumaa.

Sasa oneni mambo yanavyojipanga. Jumanne lekchara wa siasa akatugawia vijikaratasi vya mada za kupresenti, kila mtu uchaguzi mmoja wa duniani. Changu kikasema: Kurdistan ya Iraki, 2009. Nikaguna. Wakurdi nawajua kwa taarifa ya habari tu, vita na mafuta. Nikaenda maktaba kwa shingo upande, nikatoka saa nne usiku nikiwa nimeshasahau hata kula.

Kwa ufupi ni hivi. Kaskazini mwa Iraki kuna jimbo lenye serikali yake na bunge lake, makao makuu Erbil. Bunge hilo lilichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1992, na tangu hapo mambo yalikuwa ya vyama viwili: KDP cha akina Barzani, wenye nguvu Erbil na Dohuk, na PUK cha Jalal Talabani, wenye nguvu Sulaymaniyah. Walipigana wenyewe kwa wenyewe tangu 1994 hadi 1998, wakapatana, kisha wakagawana kila kitu. Mwaka 2005 waliingia kwenye uchaguzi na washirika wao kwa orodha moja, wakachukua viti 104 kati ya 111. Yaani hapo mpinzani unamtafuta kwa tochi.

Ndipo akatokea mzee mmoja, Nawshirwan Mustafa. Huyu hakuwa mtu wa nje. Alikuwa miongoni mwa walioanzisha PUK mwaka 1975, na kwa miaka mingi alikuwa naibu wa Talabani. Mwishoni mwa 2006 akajiuzulu, akafungua kampuni ya habari pale Sulaymaniyah, halafu akasimamisha orodha yake iliyoitwa Gorran, maana yake Mabadiliko. Nembo yao mshumaa. Walichodai kilinifanya nicheke peke yangu maktaba: chama kitenganishwe na serikali, ajira zisiende kwa kujuana, na bajeti ionekane imekwenda wapi. Jamani, si ile michango yetu ya misiba hiyo!

Uchaguzi ukafanyika tarehe 25 Julai 2009. Wakubwa wawili waliungana tena, wakashuka hadi viti 59. Gorran wakapata 25, na mkoani Sulaymaniyah, nyumbani kabisa kwa PUK, wakaongoza. Hawakuchukua serikali, waziri mkuu akawa Barham Salih wa orodha ile ile kubwa. Lakini Gorran walikataa kuingia serikalini. Wakakaa upande wa pili, wakaanza kuuliza maswali ya bajeti ndani ya bunge. Kwa mara ya kwanza jimbo lile likawa na upinzani wa kweli bungeni.

Haikuwa lelemama. Februari 2011 maandamano yalilipuka Sulaymaniyah, wanafunzi wa vyuo wakiwemo, risasi zikapigwa, watu wakafa, na Aprili yakazimwa kwa nguvu. Pamoja na hayo, kwenye uchaguzi wa Septemba 2013 Gorran walipata viti 24, na PUK 18. Mtoto akampita mzazi.

Hapo ndipo moyo wangu ulianza kwenda mbio, maana kilichofuata ni soda ya mwenyekiti. Mwaka 2014 Gorran walikubali kuingia serikalini. Walipewa wizara kadhaa, ikiwemo ya fedha, na mtu wao Yousif Mohammed akawa spika. Mwaka uliofuata ukaja mzozo juu ya muda wa urais wa Masoud Barzani. Oktoba 2015 spika akazuiwa njiani asiingie Erbil, mawaziri wa Gorran wakaondolewa, na bunge likakaa bila kukutana mpaka Septemba 2017. Nawshirwan mwenyewe alifariki Mei mwaka huo. Uchaguzi wa 2018 wakaambulia viti 12. Mwaka 2019 wakaingia serikalini tena. Uchaguzi wa Oktoba 2024, bunge sasa likiwa na viti 100, Gorran wakapata kiti kimoja. Kimoja!

Jumatano usiku nikamsimulia rumeti wangu huku tukigawana chipsi. Nikamwambia, "Umeona? Waliingia ndani, wakaliwa." Huyu dada hanaga huruma. Akanijibu, "Acha kuchagua unachotaka. Walifungiwa njia, hilo ni kosa lao? Na ile miaka minne waliyokaa nje, walizuia nini? Watu walipigwa risasi hivyo hivyo." Nikanyamaza, kwa sababu kweli. Mtu ukikaa nje huna funguo, ukiingia ndani unapewa funguo za mlango ambao mwenyewe anaweza kubadilisha kitasa.

Nikalala nalo hilo. Asubuhi nikaona tofauti moja. Mwaka 2009 mpiga kura aliwatuma Gorran kuuliza, na wakauliza. Ndiyo maana 2013 hakuwaacha. Baadaye walikuwa na wizara ya fedha yenyewe, lakini mishahara ya watumishi ilikuwa inachelewa (bei ya mafuta ilianguka, Baghdad nako ugomvi, na vita na Daesh juu yake), na wao sasa walikuwa sehemu ya serikali inayodaiwa. Ukishakaa mezani, swali lako linageuka kuwa deni lako. Mimi nikiwa mtunza hazina msaidizi, mwenzangu wa mwaka wa kwanza akiniuliza hela ya msiba wa mama yake ilipungua kwa nini, nitajibu nini? Nitasema subirini kikao?

Na huyo mtu yupo kweli. Ndiye aliyenipigia kampeni bweni zima akiwa bado na kitambaa cha msiba.

Alhamisi nikapresenti. Lekchara akauliza swali moja tu: chama chenye kiti kimoja, tuseme kilishindwa? Nikajibu kwamba bunge lililokuwa na 104 kwa 7 halijarudi tena kuwa vile. Mwaka 2024 hakuna chama kilichofika 50, KDP walipata 39, na walalamikaji wengi wakahamia chama kingine kipya zaidi, kilichopata 15. Mshumaa wa Gorran umebaki kipande, ila watu walishazoea kuona mwanga. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, hakuniambia ni nini. Maksi tutaziona.

Ijumaa nikamwandikia mwenyekiti: "Kaka, asante kwa soda. Somesha hesabu za mwaka jana mbele ya wanachama, halafu uniulize tena. Kwa sasa nabaki upande wa maswali." Akajibu neno moja, "Sawa." Tangu hapo tukikutana kantini anaangalia simu. Na kati ya wenzangu wawili wenye viti, mmoja ameshakubali nafasi ile. Tumebaki wawili.

Kikao ni Jumamosi ijayo. Nitasimama niulize, hata kama sauti itatetemeka. Nyie mnaonaje, nimekosea? Niambieni ukweli, siyo kunipamba.

Haya, ngoja nikawahi foleni ya maji. Siku njema.